Kufunga kadi ya SM kwenye ruta ya Cisco 4331: nizime kwanza au naweza kuiweka ikiwa inawaka?

kebo_ndefu

Habari zenu wakuu. Nina ruta ya Cisco ISR 4331 iko kwenye raki inapiga kazi, trafiki yote ya ofisi inapita hapo. Sasa nimekabidhiwa kadi ya UCS-E140S M2 niifunge humo ili tuwe na seva ndogo ndani ya ruta yenyewe, iendeshe DNS na vitu vingine vidogo vidogo bila kuongeza mashine nyingine kwenye raki.

Kadi nimeiangalia, ni kompyuta kamili kwenye ubao, ina prosesa ya Xeon, ina RAM, ina nafasi ya diski mbili. Mimi nimezoea zile kadi ndogo za WAN, hii kubwa ya sloti ya SM sijawahi kuifunga na sitaki kubahatisha na ruta ambayo watu wote wanaitegemea.

Naomba kujua, je nizime ruta au naweza kuichomeka huku inawaka? Maana nimeuliza watu wawili, mmoja kasema hizi ruta zinakubali kabisa kuchomeka bila kuzima, mwingine kasema nikithubutu naua ubao. Pia nikishaifunga hiyo seva naingiaje, ina IP yake au inatumia ya ruta? Na kama kuna kitu cha kukagua kabla sijafungua hata skrubu moja naomba mnitajie.

bisibisi_nyota

Mkuu, umeuliza vizuri na umeuliza kabla ya kufungua, hapo tayari uko mbele.

Anza na kuhakikisha kadi na ruta ni vya kizazi kimoja, maana hapa watu wengi wanakwama halafu wanadhani kadi ni mbovu. Ruta za zamani za 2800 na 3800, zile zilizotoka 2004, zilitumia sloti za NM. Zilipokuja 2900 na 3900 mwaka 2009 sloti ikawa SM, na NM ya zamani ilihitaji adapta ndo ikae. Familia ya 4000 ikaleta SM-X kwa kadi kubwa na NIM kwa kadi ndogo, na zile kadi ndogo za WAN ulizozoea (HWIC) haziingii kwenye NIM. Kadi za SRE zilizokuwa zinaendesha huduma kwenye 2900 na 3900 hazitumiki kwenye 4000. Yako ni UCS-E ya upana mmoja, na 4331 ina sloti moja ya SM, kwa hiyo hapo uko salama. Ungeletewa ile ya upana mara mbili ungerudi nayo, hiyo inataka ruta kama 4351 ambayo ina sloti mbili na unatoa kigawanyo cha katikati.

Halafu ingia kwenye ruta uangalie toleo la IOS XE (mfumo unaoendesha ruta) kwa show version, ulinganishe na toleo linalohitajika kwa kadi yako. Kadi ikikaa vizuri kabisa lakini programu ya ruta haiijui, utabaki unaitoa na kuirudisha bure. Piga pia show inventory na show platform, uhifadhi majibu mahali, ili baadaye uwe na kitu cha kulinganisha, ujue ruta ilikuwaje kabla hujaigusa. Na konfigi usiisevu ndani ya ruta tu, itoe nje kabisa, iwe kwenye kompyuta yako.

Kuhusu umeme, kadi yako haina tatizo na pawa saplai ya kawaida. Ingekuwa kadi ya swichi inayotoa PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao) hapo ungehitaji pawa saplai ya PoE, la sivyo swichi itawaka ila simu na kamera hazitapata umeme.

Sasa kuifunga kwenyewe. Diski na RAM zifunge kwenye kadi ikiwa bado mezani, usingoje iwe ndani. Vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli na uushikize kwenye chuma cha chasisi kisicho na rangi, na waya wa ethi wa ruta usiuguse, ubaki umefungwa hata kama umechomoa umeme. Kadi iache kwenye mfuko wake mpaka dakika unayoiweka, na ukiitoa ishike kingoni, vidole visifike kwenye kiunganishi cha nyuma. Fungua kile kifuniko cha sloti, kitunze usikitupe, siku kadi ikitoka lazima kirudi maana sloti ikiwa wazi hewa ya feni inapita hapo na vitu vingine vinakosa upepo.

Kuna reli mbili pembeni, kingo za kadi zipite ndani ya reli zote mbili. Sukuma taratibu mpaka usikie imegota kwenye kiunganishi, hapo weka nguvu kidogo ya mwisho kwa mikono miwili, bamba la mbele likae sawa na chasisi. Ikigoma katikati usilazimishe na usitumie skrubu kuivuta ndani, itoe uanze upya, maana pini za nyuma zikipinda hakuna dawa. Skrubu kaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka zikaze zote. Ukikaza moja mpaka mwisho kadi inakaa upande na siku nyingine mtetemo mdogo tu unaifanya ipotee kwenye show platform.

Kwenye swali la kuzima mimi jibu langu ni moja, zima. Omba muda wa usiku, chomoa kebo ya umeme, funga, washa.

OIR_mtu_wangu

Nakubaliana na mkuu hapo juu kasoro hilo la mwisho, na si kwamba ni vibaya kuzima, ila mwuliza swali anastahili kujua ukweli wa ruta yake maana wote wawili waliomshauri wamesema nusu.

Inategemea modeli. Kwenye 2911 kwa mfano lazima uzime, haina ujanja wa kuchomeka kadi ya SM ikiwa na umeme, na huyo aliyekuambia unaua ubao huenda ndiko alikotoka. Kwenye 3945 inakubali. Na familia ya 4000 imetengenezwa iweze kupokea na kutoa moduli huku ruta inaendelea na kazi, kwa hiyo 4331 yako inakubali. Lakini kukubali hakumaanishi unafika unavuta tu, kuna amri zake. Sloti ya SM ya 4331 inaitwa 1/0, zile NIM ni 0/1 na 0/2, na port za asili za ruta ziko 0/0. Kama sloti ina kadi na unataka kuitoa:

hw-module subslot 1/0 stop

Subiri, angalia show hw-module subslot all oir (oir ni kuingiza na kutoa kadi bila kuzima ruta), ikionyesha imesimama na taa za kadi zimezima ndo ufungue skrubu. Ukiirudisha kadi:

hw-module subslot 1/0 start

Kwa sloti tupu kama ya kwako unaingiza tu kadi, ruta inaiona yenyewe na logi zinaanza kutiririka kwenye konsoli. Usiingize ukaitoa na kuiingiza tena haraka haraka, ipe muda imalize kujitambulisha.

bisibisi_nyota

@OIR_mtu_wangu sawa kabisa kwa upande wa ruta, sikatai. Ila fikiria upande wa mtu anayeifunga. Hajawahi kufunga kadi ya ukubwa huu, ruta ni moja, hakuna ya akiba, ofisi nzima iko nyuma yake. Akipindisha pini kwenye chasisi yenye umeme ni tofauti na akipindisha kwenye chasisi isiyo na umeme. Mimi uwezo wa kuchomeka bila kuzima nauona ni wa siku ya dharura au wa mtu ambaye mkono wake umeshazoea, siyo wa siku ya kwanza. Na hata akiamua kuiweka ikiwa inawaka bado aombe muda wa matengenezo, watu wajue.

OIR_mtu_wangu

Hapo kwenye kuomba muda tuko pamoja. Kama anaweza kupata saa ya usiku basi azime, hana anachopoteza.

kebo_ndefu

Wakuu nashukuru sana, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nimeomba muda usiku nikapewa, nikazima, kadi imeingia vizuri bila kugoma, diski nilifunga mezani kama ulivyosema mkuu. Ruta imewaka na show platform inaonyesha 1/0 iko ok, na nina intafesi mbili mpya, ucse1/0/0 na ucse1/0/1.

Sasa nimefika kwenye IP. LAN yangu ni 192.168.10.0/24 na iko kwenye GigabitEthernet0/0/1, ruta ni 192.168.10.1. Nilitaka hiyo seva nayo iwe kwenye LAN hiyo hiyo ili watu waifikie kirahisi, nikaipa ucse1/0/0 anwani ya 192.168.10.4, ruta ikakataa ikasema overlaps with GigabitEthernet0/0/1. Nifanyeje hapo? Na hiyo IMC niliyoona kwenye maelezo ndo nini hasa, ni seva yenyewe au ni kitu kingine?

pakiti_njiani

Karibu kwenye sehemu ambayo ndo kazi yenyewe, skrubu zilikuwa utangulizi.

Nianze na IMC maana usipoielewa hiyo mengine yote yatakuchanganya. Ile kadi ichukulie kama mpangaji aliyepewa chumba ndani ya nyumba yako, anatumia umeme wako na mlango wako mkubwa lakini chumba ni chake na ufunguo ni wake. Ndani yake kuna vitu viwili tofauti. Kuna seva, yaani prosesa, RAM na diski, ambako utaweka ESXi (programu ya kuendesha mashine pepe) au Linux. Na kuna kidhibiti kidogo kinachojitegemea kinachoitwa IMC, hicho kinawaka hata kama seva imezimwa, na ndicho unachotumia kuiwasha seva, kuizima, kuangalia joto, na kufungua skrini yake ukiwa mbali ili uweke mfumo. Kwa hiyo ni IP mbili, moja ya IMC na nyingine ya mfumo utakaoweka. Na ruta nayo ina upande wake ambao ni ucse1/0/0. Hiyo ni kebo ya mtandao isiyoonekana, ncha moja iko kwa ruta na nyingine iko kwa kadi.

Sasa ruta imekataa kwa sababu intafesi mbili za ruta haziwezi kubeba subnet moja (fungu moja la anwani), hilo ni la kawaida kwa ruta yoyote. Una njia mbili. Ya kwanza ndo utaiona kwenye mifano mingi, unaazima anwani ya LAN halafu unaionyesha ruta kwa mkono kwamba IMC iko upande ule:

interface ucse1/0/0
 ip unnumbered GigabitEthernet0/0/1
 no shutdown
ucse subslot 1/0
 imc access-port shared-lom console
 imc ip address 192.168.10.5 255.255.255.0 default-gateway 192.168.10.1
ip route 192.168.10.5 255.255.255.255 ucse1/0/0

Mstari wa shared-lom console usiuruke, huo ndo unaoiambia IMC ipite njia ya ndani kuja kwa ruta na siyo port ya mbele ya kadi. Mtu akiuacha anaweza kukaa anapiga ping mpaka asubuhi na kila kitu kingine kiko sahihi.

Na mfumo utakaouweka nao utahitaji mstari wake wa ip route kama huo, kila IP iliyo ndani ya kadi unaiandikia mstari wake.

Njia ya pili naiandika chini ukishajaribu, maana nataka kwanza uone hii inavyofanya kazi.

kebo_ndefu

Mkuu nimeelewa, mfano wa mpangaji umenikaa. Nimefanya hivyo hivyo, ruta inaping 192.168.10.5 vizuri kabisa, pia nimeingia kwa hw-module subslot 1/0 session imc ikafunguka. Ila kompyuta za LAN hazipingi hata moja. Ruta inaping, kompyuta hazipingi, na zote ziko subnet moja na hiyo IMC. Hapo sielewi.

pakiti_njiani

Nipe majibu ya show run interface GigabitEthernet0/0/1, nadhani najua.

kebo_ndefu

interface GigabitEthernet0/0/1
 ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
 no ip redirects
 no ip proxy-arp
 negotiation auto

pakiti_njiani

Ndo hiyo, no ip proxy-arp.

Fuatilia pakiti kama inavyotembea. Kompyuta ya 192.168.10.50 inataka kwenda 192.168.10.5, inaangalia mask yake inaona ni jirani yangu kwenye waya huu huu, kwa hiyo haiendi kwa gateway, inapiga kelele ya ARP, nani ana 192.168.10.5? IMC haiko kwenye waya huo, iko upande wa pili wa ruta, haisikii. Anayeweza kujibu ni ruta tu, ijibu kwa niaba yake kwamba lete kwangu nitamfikishia, na kujibu kwa niaba ndo hiyo proxy ARP. Kwenye IOS kwa kawaida iko wazi, lakini watu wengi wanaifunga kwa usalama kama walivyofanya hapo kwenu, na si vibaya kuifunga. Ikifungwa kelele ya kompyuta haipati jibu na safari inaishia hapo. Ruta yenyewe inaping kwa sababu ina ule mstari wa ip route, haihitaji kuuliza upande wa LAN.

Na kurudi ni hivyo hivyo, IMC nayo ina mask ya /24, ikitaka kumjibu 192.168.10.50 inamtafuta kwa ARP upande wa ucse, kwa hiyo hata pale ucse1/0/0 proxy ARP lazima iwe wazi.

Unaweza kuifungua pande zote mbili na itafanya kazi leo leo. Mimi sikushauri, na hii ndo sababu nilisema kuna njia ya pili. Ipe kadi subnet yake ndogo:

interface ucse1/0/0
 ip address 10.99.99.1 255.255.255.248
 no shutdown
ucse subslot 1/0
 imc access-port shared-lom console
 imc ip address 10.99.99.2 255.255.255.248 default-gateway 10.99.99.1

Toa unnumbered na ule mstari wa ip route wa 192.168.10.5. /29 inakupa anwani sita, ruta ikichukua .1 na IMC .2, mfumo utakaouweka uupe .3 na bado una tatu za baadaye. Kompyuta zitakwenda kwa gateway kama zinavyokwenda kokote, hakuna kujibu kwa niaba ya mtu. Kama una ruta nyingine ndani ya mtandao wako hakikisha nazo zinaijua hiyo 10.99.99.0/29. Na faida nyingine ni kwamba unaweza kuweka access-list (orodha ya wanaoruhusiwa kupita) kwenye ucse1/0/0 ukaruhusu kompyuta za mafundi tu kufika kwenye IMC, kitu ambacho ni cha lazima, maana anayeishika IMC ameishika seva nzima, anaweza kuizima au kubuti mfumo wake mwenyewe. Jina na pasiwedi za kuanzia ni admin na password, kila mtu duniani anazijua, badilisha leo usisubiri. Na isifikike kutoka intaneti kwa namna yoyote.

OIR_mtu_wangu

Naongezea tu, siku ukitaka mashine pepe kadhaa za VLAN tofauti (mitandao iliyotenganishwa) ndani ya hiyo kadi, hapo ndo utaanza kutumia ucse1/0/1 na mambo ya service instance na BDI (njia za kupitisha VLAN hizo) kwenye ruta, ila usiguse sasa hivi, kwanza seva moja isimame. Na ukiwa kwenye session ya imc kutoka ni Ctrl-A halafu Ctrl-Q, watu wengi wanafunga dirisha zima na session inabaki imeshikiliwa.

kebo_ndefu

Nimehamia kwenye 10.99.99.0/29, kompyuta zote zinaping, kwenye brauza IMC imefunguka kwa https, pasiwedi nimebadilisha na access-list nimeweka inaruhusu kompyuta mbili tu. Sasa naweka ESXi kupitia skrini ya mbali. Asanteni sana wakuu, hasa hilo la proxy ARP, hilo peke yangu nisingelipata.

Swali la mwisho, nikitaka kurestati ruta baada ya kupandisha toleo la IOS XE, seva nayo inakuwaje?

pakiti_njiani

Njia ya ndani inakatika ruta ikizima, hata kama seva inaendelea, watu wa LAN hawataifikia mpaka ruta irudi. Kwa hiyo ukipanga reload ya ruta panga kama vile unarestati na seva, zima kwanza mfumo vizuri kutoka ndani ya ESXi, kisha reload. Ukichomoa umeme wa ruta huku ESXi inaandika kwenye diski ni sawa na kuchomoa kebo ya seva yoyote, diski haihitaji kuambiwa kwamba iko ndani ya ruta.

bisibisi_nyota

Na siku ya kuitoa mpangilio ni huo huo, mfumo uzimwe kwanza, ndo hw-module subslot 1/0 stop, taa zizime, ndo bisibisi. Hakuna amri ya ruta itakayoenda kufunga faili za ESXi kwa ajili yako. Kibandike hicho kwenye raki pembeni ya ruta, maana atakayekuja kuitoa huenda asiwe wewe.